Msalaba wa Ruthwell upo kijijini, msituambie vijiji haviwezi

Mhariri,

Kila mjadala wa kumrudisha nyumbani mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa Lindi ambaye mifupa yake iko makumbusho ya Berlin, ukiibuka lazima atokee mtu aseme mwacheni abaki hukohuko Berlin, Lindi nani atamtunza, kijijini hakuna uwezo. Mi naishi Scotland na hiyo hoja inaniuma kweli, kwasababu huku kusini kuna kijiji kidogo kinaitwa Ruthwell, mashamba na ng'ombe tu, na ndani ya kanisa lao umesimama msalaba wa mawe wa karne ya 8, zaidi ya mita 5 kwenda juu, umechongwa ndege na mizabibu na habari za Yesu, wataalamu wanauhesabu kati ya michongo bora ya zama zile Ulaya nzima. Haujapelekwa Edinburgh wala London.

Na msidhani umetunzwa vizuri siku zote. Mwaka 1640 mkutano mkuu wa Kanisa la Scotland uliagiza ubomolewe eti ni sanamu, 1642 ukavunjwa, vipande vikalala kanisani na makaburini zaidi ya miaka 150. Aliyekuja kuviokota ni mchungaji wa palepale, Henry Duncan, akausimamisha tena 1823 kwenye bustani ya nyumba yake, mikono ya msalaba ilishapotea ikabidi ichongwe mipya, jiwe la juu kabisa likawekwa mbele nyuma na liko hivyo mpaka leo. 1887 ndio ukaingizwa kanisani, wakaujengea sehemu yake na sakafu wakaichimba ili uenee. Huyohuyo Duncan ndiye alianzisha benki ya akiba hapo kijijini 1810 kwa ajili ya vibarua na watu wa vijisenti, wana vikoba mumjue huyu mzee.

Lakini kilichonishika zaidi ni sehemu moja ya mchongo, watu wawili wanamega mkate, na maandishi ya Kilatini pembeni yanawataja, Paulo na Antonio, wale watawa wa jangwani. Hao ni wa Misri! Waafrika wawili wako kwenye jiwe la kijiji cha Scotland karibu miaka 1,300 sasa. Kwenye mbavu zake kuna herufi za kale zinaitwa runi, ni mistari ya shairi ambalo msalaba wenyewe ndio unaongea, unasimulia ulivyombeba Yesu.

Sasa turudi kwetu. Mifupa ya Tendaguru ilichimbwa 1909 mpaka 1913, na wazee wetu ndio walioibeba kichwani hadi bandari ya Lindi, leo tunaambiwa wajukuu zao hawawezi kuitunza, jamani. Najua jiwe na mfupa sio kitu kimoja, yule mjusi ana zaidi ya mita 13 kwenda juu, anataka jengo la maana, umeme, mafundi waliosomea. Basi tuongelee hivyo, jengo la shilingi ngapi, mafundi wasomeshwe wapi, ada ya watalii iende kwa nani, sio kuanza na nani hafai.

Ombi langu kwenu wahariri, mkiandika tena habari hii msiishie kuwahoji wakubwa wa Dar na Berlin. Mtumeni mwandishi Tendaguru kwenyewe akakae na wanakijiji, awaulize wanataka nini, mchapishe majibu yao yote.

Msomaji wenu,
Glasgow