Kisima chetu kimeingia chumvi, twaomba mtushike mkono kabla ya masika

Assalam aleikum ndugu zetu, na wa Bwana asifiwe pia twawasalimu. Salamu kwa majirani wa Kisauni hapa Mombasa, wazazi wa watoto wa klabu, wateja wetu wa mchicha, na nyinyi mlioko Doha na Jeddah ambao kila tukiwaita mwaitika. Ni sisi wa klabu ya bustani. Najua kuna watakaosema hawa si ndo juzi tuliwachangia seng'enge, na kweli mlituchangia, na ile seng'enge mpaka leo imesimama, mbuzi wa mtaa hawajakanyaga ndani tena. Kwa hivyo twaja na haya usoni. Tumekaa kikao mara tatu tukiulizana nani aandike, kila mtu ampa mwenzake, mwisho wakasema andika wewe.

Jambo lenyewe ni kisima. Kimeingia chumvi.

Yalianza mabenda, yaani bamia. Majani yakawa yanakauka pembeni, rangi ya kahawia kama mtu ameyapitishia moto, katikati bado kijani. Tukadhani ni ugonjwa, tukanyunyiza majivu, tukatwanga mwarobaini tukanyunyiza na hayo maji yake, wapi. Wiki ya pili karoti za watoto zikakataa kuota kabisa. Halafu asubuhi moja, tumemwagilia jana yake jioni na jua la kaskazi limeshapiga, tukaona juu ya matuta kuna utandu mweupe kama mtu amepepeta unga wa ngano. Kijana wetu mmoja akachota kwa kidole akaonja. Hakusema kitu, alitema tu. Tukaenda wote kisimani, ndoo ile ya kuchotea ukiiangalia mdomoni imefanya ukingo mweupe, na siku zote tulikuwa twaiona twadhani ni chokaa.

Afisa wa kilimo mmoja alipita akatueleza na nawapa vile tulivyoelewa, kwa sababu wengi mna visima na yafaa mjue. Chini yetu huku pwani ni mawe ya matumbawe, yana matundu matundu. Maji ya mvua yakishuka hukaa juu ya maji ya bahari, kama mafuta yanavyoelea, maji baridi juu na ya chumvi chini. Ukichota kwa ndoo kidogo kidogo hakuna shida. Lakini saa hizi kila nyumba ya kupangisha imechimba yake na imetia pampu, usiku na mchana inavuta, ile tabaka ya maji baridi inakuwa nyembamba na bahari inapanda. Hatumlaumu mtu, kila mtu ataka kuoga. Maji ya mfereji mnayajua wenyewe, yatoka huko Mzima na Baricho, mpaka yafike kwetu ni bahati ya wiki, na ofisi inayohusika tumeshaiandikia barua, jibu ni tutakuja tutakuja. Alichotutia moyo yule afisa ni kuwa kisima kikipumzishwa na mvua ikinyesha vizuri, maji baridi yaweza kurudi, na mvua yenyewe ikipiga ile ardhi huishusha chumvi chini mbali na mizizi. Yaani bustani haijafa. Inangoja mvua, na mahali pa kuiweka hiyo mvua.

Sasa niwaambie kitu kimoja kilichotufanya tuandike leo badala ya wiki ijayo. Mwamjua yule bibi yetu wa langoni, mkija bustanini ndiye wa kwanza kuwakaribisha. Yeye ndiye aliyepanda asumini upande wa kuingilia siku zile ploti bado ni jaa la taka. Kila Alhamisi jioni huzichuma zikiwa bado hazijafumbua, akakaa kwenye mkeka na sinia lake, akatunga na kufunga vikuba, vile vishada vya maua, asumini na mrehani na waridi akipata, kina mama wakipita wanunua, na pesa zile hazitii mfukoni mwake, azileta kwa mweka hazina zimefungwa ncha ya leso. Mbegu za mwaka jana nusu yake zilinunuliwa na asumini. Basi ile asumini ndo yafa. Majani yamepukutika, vikonyo vimesimama vikavu, imebakia upande mmoja tu unaotoa maua matatu manne. Wiki iliyopita nimemkuta alfajiri, watu watoka msikitini, yeye yuko pale na jagi. Nikamuuliza bibi, maji hayo umepata wapi. Akaniambia ni ya kunywa, amejipunguzia. Alikuwa anayamimina kwa kiganja, chini ya shina, polepole, yasipotee. Mimi sikuwa na la kumjibu nikashika njia nikaenda zangu kazini na siku nzima sikutulia.

Maji ya mkokoteni tumenunua. Mtungi wa lita 20 ni shilingi 30 na bustani yetu ni futi 50 kwa 100, ukitaka isife tu, sio inawiri, isife, ni mitungi 25 kwa siku. Hizo ni shilingi 750 kila siku ya Mungu. Tulikuwa na shilingi 24,000 tulizoweka kwa safari ya watoto, na siku 32 zikaisha zote. Hapo ndo twaona haya zaidi, maana zile pesa wazazi walizitoa kwa jina la safari. Tuliwaita wazazi tukawaambia wazi kabla hatujaanza kuzitumia, na wote walikubali, Mungu awabariki, lakini watoto hawakuhudhuria kikao. Watoto wajua tu safari imeahirishwa mara mbili.

Na kwa wanaosema bustani ni sawa lakini matembezi ni anasa, naomba niseme kidogo. Hawa watoto ni 36, wa shule na wa madrasa, wengi wamezaliwa kwenye nyumba zisizo na hata mti mmoja uani. Safari ya mwisho tuliwapeleka Haller Park hapo Bamburi, si mbali, na wengine ndo mara yao ya kwanza ijapokuwa matatu hupita pale kila siku. Wao walikwenda kwa ajili ya kobe na viboko, hadithi ya yule kiboko Owen aliyeokolewa wakati wa tsunami ya mwaka 2004 akamganda kobe Mzee kama mamake, wote waijua. Lakini walichorudi nacho ni kingine. Waliambiwa pale palikuwa timbo, mawe ya simiti yamechimbwa mpaka pamebaki jangwa jeupe, chini karibu kuna maji ya chumvi, hakuna jani. Mwanzo wa miaka ya 70 René Haller, yule Mswisi, akajaribu kupanda aina 26 za miti. Zikashika 3 tu, mvinje, mnazi na ule wa damas. Mvinje ukakua, lakini majani yake yakianguka hayaozi, yanarundikana tu. Mpaka wakaletwa jongoo, hawa hawa jongoo wekundu miguu ambao sisi twawakanyaga, wakawa wayala yale majani na mavi yao ndo yakawa udongo. Leo ni msitu. Mnajua watoto walifanya nini wiki ile? Walileta jongoo bustanini kwenye makopo ya maziwa. Wamewatia kwenye shimo la mboji, na makumbi ya nazi, na maganda, na hakuna mtoto akubali jongoo auawe, hata nyumbani wagombana na mama zao.

Hiyo ndo safari moja, nauli ya shilingi chache. Safari iliyokwama ni ya Gazi, ng'ambo ya feri, Kwale. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wanalinda mikoko yao kwa mradi wa Mikoko Pamoja, hekta 117, wanalipwa kwa ile hewa ya ukaa ambayo mikoko yaihifadhi isipande angani, na pesa zinarudi kwa maji na shule za vijiji vyao. Kina mama wa Gazi wana daraja la mbao linalopita katikati ya mikoko na hupikia wageni. Tuliwaahidi watoto watapita pale juu ya daraja. Na tangu kisima kiharibike nimekuwa natamani zaidi waende, kwa sababu kule kuna mchu, aina moja ya mikoko. Mchu unakunywa maji ya bahari, na chumvi unaitoa kwa majani, ukilamba jani la mchu waionja kwa ulimi. Kuna binti wetu mmoja wa darasa la tano aliniuliza, mwalimu, kwani kuna mti wowote unaoweza kunywa maji ya kisima chetu? Nataka huyu mtoto alambe jani la mchu. Nataka ajue swali lake lina jibu limesimama kwenye matope Gazi linamngoja.

Haya, tunachoomba ni tangi la kukingia maji ya mvua, la lita 10,000. Madrasa jirani imetupa ruhusa kukinga maji ya paa lao, Allah awalipe. Paa ni mita 20 kwa 10, mabati mazuri. Mvua ya milimita 50 tu kwenye paa kama hilo ni lita 10,000, tangi limejaa, na Mei ndo mwezi wa mvua nyingi kuliko yote hapa Mombasa kwa hivyo litajaa na kujaa tena. Mvua zikipungua lita 10,000 zatupeleka siku 20, na kwa kunde na mchicha ambazo zavumilia kidogo tutachanganya nusu kwa nusu na ya kisima tufike siku 40, na vuli nayo inakuja. Sisemi tangi litamaliza shida yote. Nasema litatutoa kwa mkokoteni na kisima kipumzike.

Tangi la lita 10,000 tumepewa bei ya shilingi 95,000. Gata na paipu mpaka tangini 38,000. Msingi wa mawe, simiti na fundi 27,000, vijana wetu watachanganya zege wenyewe tumeshatoa hiyo hesabu. Na pesa za watoto zirudi mahali pake, 24,000, hilo ni deni si msaada. Jumla 184,000. Mkononi tuna 41,500 ambazo tumechangishana wenyewe wanachama, mwenye mia, mwenye elfu, bibi alileta ncha yake ya leso kama kawaida. Zimebaki 142,500.

Hesabu itakuwa wazi. Pesa zinaingia kwa M-Pesa ya kikundi ambayo namba yake mnayo kwenye grupu, watia saini ni watatu na hakuna anayetoa peke yake, risiti zitabandikwa kwenye grupu kila Ijumaa na daftari lipo kwa mweka hazina, aje yeyote aangalie.

Sasa ndugu zangu niseme na hili, na mnisamehe, silisemi kwa ubaya. Grupu letu lina watu 214. Siku ya kugawa mchicha wa bure kabla ya Idd walikuja mpaka wa Bombolulu, na tulifurahi sana. Siku tulipotuma ujumbe wa mitungi walijibu watu 19. Wengine walitia kidole gumba tu. Kuna waliopiga picha za harusi mbele ya asumini ya bibi, picha nzuri mashaallah, twaziona mpaka leo. Twajua hali ni ngumu, karo za shule, kodi, biashara zimelala. Shilingi 100 si ndogo kwetu, ni mitungi mitatu na chenji. Na ubora wa sadaka ya maji sitaki kuwafundisha, wengi mna elimu kunishinda.

Asiye na pesa tunataka mikono. Kuna mtaro wa kuchimba, kuna mawe ya kubeba kutoka barabarani mpaka ndani kwa sababu lori haliingii uchochoro ule, na mwenye mkokoteni akitukopesha kwa siku moja atakuwa ametuokoa. Mwenye pipa tupu la plastiki pia alete, hata kuukuu, tutakingia. Makumbi ya nazi msitupe, leteni, tunafunika matuta yasikauke upesi.

Fundi wa gata ataka jibu Jumatatu, na bei ya tangi tuliahidiwa hadi mwisho wa mwezi tu. Jumamosi hii saa kumi alasiri tuko bustanini wote, njooni muone wenyewe, na mkipita langoni kwa bibi mkiwa na chupa ya maji mkononi iliyobakia, msiimwage njiani, mpeni, yeye ajua pa kuimimina.