Risala ya Akina Mama Wanaotibiwa Saratani ya Matiti, Kisumu, kwa Mgeni wa Heshima

Mheshimiwa mgeni wa heshima, madaktari na wauguzi wetu, wachungaji, akina mama wenzetu na jamaa mliotusindikiza, hamjambo nyote.

Baadhi yetu tunaishi hapa mjini, wengine wamepanda matatu alfajiri kutoka Ahero, Muhoroni na Bondo. Leo tumechagua kukueleza jambo moja: hofu, na jinsi inavyoushika mwili wa mgonjwa.

Mtu akishinda na kulala na wasiwasi, mwili humwaga homoni za adrenalini na kortisoli. Zikidumu kwa wiki na miezi, hudhoofisha kinga. Mwaka 1998 Barbara Andersen na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, walichapisha utafiti kuhusu wanawake 116 waliokwisha kupasuliwa kwa saratani ya matiti. Waliolemewa zaidi na mawazo ndio ambao chembe zao za kinga ziitwazo wauaji asilia, zenye kazi ya kuua seli za saratani, zilikuwa dhaifu zaidi.

Lakini tunaomba sana habari hii isigeuzwe fimbo ya kutuchapia. Wapo kati yetu walioambiwa na ndugu zao kwamba walijiletea ugonjwa kwa kulia, au kwamba wangekuwa na imani ya kutosha wangeshapona. Si kweli, na inauma kuliko sindano. Chembe nyeupe za damu, zinazoulinda mwili, zikishuka hadi kemo (matibabu ya dawa kali za kuua saratani) ikaahirishwa, mara nyingi ni dawa hizo zenyewe zimezishusha, si machozi ya mama. Utafiti wa Kanada wa mwaka 2001, wa wanawake 235 ambao saratani ilikuwa imesambaa mwilini, ulionyesha kuwa vikundi vya kusaidiana havikuwaongezea maisha. Viliwapunguzia huzuni na maumivu, na kwetu sisi hilo si dogo hata kidogo.

Kwa hiyo tunaomba mshauri nasaha awepo siku za kemo, anayezungumza Kiswahili na Dholuo. Tunaomba chumba chenye mlango, mtu asisomewe majibu yake mbele ya foleni. Waume zetu nao waitwe waelezwe. Mawazo yanayotukosesha usingizi zaidi ni ya nauli, na ya bima ya afya ya serikali, SHA, kuisha matibabu yakiendelea. Tunakusihi utufikishie kilio hicho.

Ikiwa utaweza kutukubalia moja tu leo, liwe la mshauri.

Ahsante sana.