Si Matema, Atu

Tukuyu, Jumapili jioni

Mpendwa Atupele,

Ugonile, rafiki yangu. Huku hatujambo, mama anakusalimu sana, na mvua ni ile ile unayoijua: Tukuyu mvua haiji, inakaa. Mzigo wako umefika salama, vitenge vya mama na ile chupa ya manukato. Kwenye kikaratasi uliandika, "Nusa, halafu uniambie kama si Matema." Nimenusa wiki nzima, ndiyo maana nimechelewa kujibu. Wewe ni wa kuambiwa kweli, Atu. Si Matema.

Lakini ni nzuri, na naipaka kila asubuhi. Ukijipulizia tu, inakuja kama tikiti maji lililopasuliwa sasa hivi, pale karibu na ganda ambako utamu umeisha. Ikitulia shingoni inabaki bahari. Nafumba macho naiona Kigamboni, naiona pantoni, na wewe umeshika viatu mkononi. Ziwa letu la Nyasa, pale ufukweni Matema, silioni.

Nikataka kujua kwa nini, nikaanza kusoma. Kumbe lile tikiti lina jina lake. Mwaka 1966 wakemia wa kampuni ya dawa ya Pfizer, huko Marekani, walitengeneza kitu kinachoitwa Calone, chenye harufu ya tikiti na ya upepo wa pwani kwa pamoja. Kilikaa miaka mingi bila kuvuma. Kilikuja kushika miaka ya 1990: mwaka 1992 yakatoka manukato ya L'Eau d'Issey, aliyoyachanganya Jacques Cavallier kwa ajili ya mbunifu wa mavazi Issey Miyake, na mwaka 1996 yakafuata Acqua di Giò. Tangu hapo, chupa ikiandikwa maji, iwe eau ya Kifaransa au acqua ya Kiitaliano, mara nyingi utakachonusa ni ndugu wa hiyo Calone. Yaani waliposema maji walimaanisha bahari.

Na bahari ina harufu yake kwa sababu yake. Wengi tunadhani ni chumvi, kumbe chumvi hainuki. Inayonuka ni gesi yenye salfa, inayotokana na vijimea vidogo sana vinavyoelea baharini. Maji matupu hayana harufu yoyote. Tunachonusa ni majirani wa maji. Hilo limenikaa moyoni, kwa sababu majirani wa Ziwa Nyasa tunawajua kwa majina. Usipa, wale dagaa wetu, walioanikwa mchangani, saa nne, jua likishaanza kuwakausha mgongo. Mtumbwi uliopinduliwa, ubao wake ukiwa mbichi chini na mkavu juu. Moshi wa kuni kutoka jikoni kwa mama mkubwa. Mtu wa maabara Ufaransa angeanzia wapi?

Unakumbuka kambale wa mama mkubwa? Alikuwa hamkaangi kabla ya kumkamulia malimau mawili, matatu, anasema anamtoa tope. Nilidhani ni mazoea tu ya wazee. Sasa nimesoma kwamba lile tope ni kemikali inaitwa jiosmini, inatengenezwa na bakteria wa udongoni na wa majini, inaingia kwenye nyama ya samaki, na asidi ya limau inaivunja. Pua ya binadamu inaitambua hata ikiwa kidogo kupita kiasi. Mama mkubwa hakusoma kemia, lakini alijua la kufanya, na limau alilipanda nyuma ya nyumba makusudi.

Hiyo jiosmini ndiyo imo pia katika harufu ya mvua ya kwanza. Hapa Tukuyu hatuipati vizuri, maana ardhi haikauki. Ukitaka kuinusa shuka Usangu, Chimala kule, mwezi wa kumi na moja, vumbi limelala miezi na miezi halafu matone yanaanguka. Watafiti wawili wa Australia, Isabel Joy Bear na Richard Thomas, waliandika mwaka 1964 kwamba wakati wa kiangazi mawe na udongo hufyonza mafuta ya mimea, na unyevu ukija yanaachiwa hewani. Wakaiita petrikori.

Sasa sikia lililonifurahisha kuliko yote. India, katika mji wa Kannauj, watu wanaikamata hiyo harufu tangu zamani sana, kabla ya maabara. Wanachukua udongo, wanauchoma, wanautia kwenye chungu kikubwa cha shaba chenye maji, wanaziba mdomo kwa tope na kuwasha moto chini. Mvuke unapita kwenye mwanzi hadi chombo cha pili chenye mafuta ya msandali, na mafuta yale yanainywa harufu yote. Nilipofika hapo nikasema, huu si mtambo wa gongo kabisa! Ufundi ni ule ule. Wenzetu wanakeneka ardhi yenyewe.

Udongo uliochomwa, ukaloweshwa. Nikaweka simu chini, Atu, maana hiyo naijua. Ni mtungi wa mama mkubwa, pale pembeni mwa mlango. Tukitoka kuogelea tunafunua kifuniko, na kabla kata haijagusa maji, ile baridi ya udongo inapanda puani. Kwangu hiyo ndiyo Matema, kuliko ziwa lenyewe.

Basi Jumamosi nilishuka hadi sokoni Lyulilo, jirani na Matema. Akina mama wa Kikisi walikuwa wameleta vyungu kwa mitumbwi kutoka Ikombe, vimepangwa mchangani kama zamani. Nilinusa mitungi mitano, muuzaji ananitazama, nikachagua mdogo wenye mstari mwekundu shingoni. Nimeufunga kwa majani makavu ya migomba na kanga yangu ya zamani. Kesho nampa kondakta wa basi la asubuhi, nitakupigia nikishajua namba ya gari.

Usiuoshe kwa sabuni, utauharibu. Suuza, jaza maji, funika, uache ulale. Asubuhi funua, uiname hapo na kunusa kabla hujachota. Halafu niandikie.

Wako,
Neema