Barua kwa binti yangu: maji ya Mayoyao yanatoka msituni

Mwanangu,

Huku salama kabisa. Mafunzo ya mpunga kule mji wa Los Baños, karibu na Manila, yameisha na wametuleta juu Ifugao, milimani kaskazini mwa Ufilipino, basi la usiku kucha kutoka Manila hadi Banaue halafu gari la abiria mpaka Mayoyao. Njia nzima nakuwaza wewe unayesoma umwagiliaji hapo SUA, chuo kikuu cha kilimo, maana natamani uone haya majaruba kabla hujazoea kuchora mifereji ya saruji.

Yaani mlima mzima umekatwa ngazi ngazi toka bondeni mpaka juu, na kila ngazi ni jaruba. Kuta za hapa ni mawe matupu yaliyopangwa kwa mikono, ukiweka kiganja unasikia ubaridi wa maji yanayopenya katikati. Nyumba za asili ziko humohumo mashambani, zimesimama kwenye nguzo nne, na kila nguzo imevishwa duara la mti ili panya asipande kwenye mpunga uliowekwa ndani.

Watalii wanapiga picha kuta, ila mama, siri iko juu ya kuta. Juu ya majaruba kuna msitu wanaouita muyong, kila familia na wake, wanautunza wenyewe na unarithishwa, mara nyingi kwa mtoto wa kwanza pamoja na shamba. Msitu unashika mvua unaiachia polepole, maji yanaingia jaruba la juu yanashuka la chini yake, hivyohivyo mpaka mtoni, kwahiyo wa juu akifyeka msitu au akiziba mfereji, mwenye jaruba la chini hali. Mpunga wao wa asili, tinawon, wanavuna mara moja tu kwa mwaka, wanakata suke moja moja wanafunga mafungu, na mbegu wanachagua wanawake kabla mavuno hayajaanza.

Zamani vitabu viliandika kazi hii ina miaka 2000. Mwanaakiolojia Stephen Acabado na wenzake wakachimba Kiangan ya kale, kijiji cha zamani hukuhuku Ifugao, wakaona mpunga wa majaruba ulishamiri baada ya Wahispania kufika Luzon, kisiwa hiki tulichopo, watu walipojichimbia milimani wasitawaliwe. Mimi hilo ndo limenishangaza zaidi, kazi yote hii kwa vizazi vichache!

UNESCO waliyaingiza majaruba haya kwenye urithi wa dunia 1995, 2001 wakayaweka kwenye orodha ya hatari mpaka 2012. Vijana wanaondoka kwenda Baguio, Manila na nje ya nchi, ukuta ukibomoka na mvua wa kuupanga hayupo, minyoo wakubwa wanatoboa kingo maji yanavuja, na konokono walioletwa miaka ya 1980 wafugwe kwa chakula sasa wanakula miche. Inaniuma kwakweli.

Na hapo Morogoro inua macho uone Uluguru. Mwaka 1955 Waluguru waligoma na kuandamana kwasababu mkoloni aliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi, ila huku watu walijichimbia wenyewe, msitu wao, ukuta wao, na wakigombana maji wanakaa wanayamaliza. Hicho ndo nataka ukiweke kwenye utafiti wako wa mwisho, uanze na mwenye shamba ndo uje kwenye bomba.

Nimepiga picha mfereji mmoja toka chanzo hadi jaruba la mwisho, nikipata bando nakutumia, ziangalie vizuri uniambie wewe maji ungeyapitisha wapi.

Baba yako