Barua ya wazi kwa Gavana wa Nairobi: turudishie nyumba za kuishi

Mheshimiwa Gavana,

MINT: NYUMBA ZA WAPANGAJI KUGEUZWA VYUMBA VYA WAGENI

Nakuandikia nikiwa ndani ya matatu ya 126. Nimetoka zamu ya usiku na narudi Ongata Rongai. Kwa miaka saba nilikuwa nikivua sare za uuguzi na kufika kwangu Kilimani kwa miguu, nikawahi kunywa chai na wanangu. Siku hizi nikifika wameshakwenda shule.

Sikuhama kwa kupenda. Mwenye nyumba alinipa notisi ya mwezi mmoja, na tulipokutana kwenye ngazi akanipigia hesabu bila kunificha. Mimi nilikuwa nikilipa shilingi 38,000 kwa mwezi. Mgeni wa Airbnb, mtandao wa kukodisha nyumba kwa siku chache, angelipa 4,500 kwa usiku. Usiku tisa tu, kodi yangu imepitwa. Sikuwa na la kumjibu.

Jengo letu lilikuwa na nyumba 24. Siku niliyofunga virago, 11 zilikuwa zimetundikwa kile kisanduku cha funguo chenye namba za siri. Kila asubuhi magunia ya mashuka machafu yalijaa kwenye ngazi, na tangi la maji likawa linakauka kabla ya wiki kwisha. Mzee wetu wa lango aliyemjua kila mtoto kwa jina aliacha kuuliza watu wanakokwenda. Angemuuliza nani, ilhali mwenye kukodisha mwenyewe hajawahi kuonekana, hutuma tu namba ya mlango kwa simu? Jirani aliyekuwa akiniangalizia watoto usiku nikiwa kazini alihama kabla yangu. Huyo ndiye ninayemkosa zaidi.

Januari 2024 wanawake waliuawa katika nyumba za namna hii hapa jijini, na tarehe 27 mwezi huo tukajaa barabarani kudai usalama. Serikali ya kitaifa nayo iliwaagiza wenye nyumba hizi wajisajili. Ilikuwa haki kabisa. Lakini kuhusu mpangaji anayeondolewa ili mgeni aingie, sijasikia agizo lolote.

Mheshimiwa, hili liko mezani kwako. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti leseni za biashara, utalii wa mashinani na makazi. Yote matatu yako mikononi mwako. Na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019 inamtaka anayebadilisha matumizi ya jengo apate kwanza kibali cha kaunti. Jengo lililoidhinishwa kuwa la familia, kisha nusu yake ikawa hoteli, limebadilishwa matumizi. Kwa nini tunalifumbia macho?

Sisemi wageni wasije. Ndugu yangu anawaendesha watalii katika Mbuga ya Nairobi, na wanawake wanaofua mashuka yale wanalisha watoto kwa kazi hiyo. Mjane anayekodisha chumba kimoja cha nyumba anayolala mwenyewe aachwe atafute riziki, asajiliwe kwa ada ndogo. Anayenihangaisha ni yule anayekusanya nyumba kumi, ishirini, asiishi hata katika moja. Huyo alipie leseni kama mwenye hoteli, namba ya leseni hiyo ionekane kwenye kila tangazo, na kila jengo liwekewe kikomo cha nyumba zinazoweza kugeuzwa. Wapangaji waliobaki waulizwe kabla ya kibali kutolewa, maana wao ndio watakaogawana lango, lifti na maji.

Haya si mageni duniani. New York, tangu Septemba 2023, anayekodisha nyumba kwa chini ya siku 30 lazima ajisajili na jiji, awe anaishi humo pamoja na wageni, nao wasizidi wawili. Barcelona imetangaza kwamba kufikia Novemba 2028 haitakuwa na vibali vya nyumba za watalii, na vilivyopo vinapita 10,000. Sikuombi ufike huko. Nakuomba uanze kwa kuzihesabu, mtaa kwa mtaa, kuanzia Kilimani na Kileleshwa, kisha utuonyeshe hesabu hiyo hadharani.

Tumefika Rongai, ambako ni Kajiado. Hospitali ninayohudumia ni ya kwako, Mheshimiwa, na wagonjwa ninaokesha nao ni wa jiji lako. Leo saa kumi na moja jioni nitapanda tena gari kurudi kwao.

Wako mwaminifu,
Muuguzi, aliyekuwa mpangaji wa Kilimani