Barua ya wazi kwa Shangazi: mkamwana wako hana maringo

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mbukwenyi nyote hapo nyumbani. Nimeamua kukuandikia hadharani, bila kutaja jina lako wala la mkamwana wako, kwa sababu malalamiko uliyonieleza kwa uchungu nayasikia katika nyumba nyingi hapa Dodoma, hasa tangu Serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016 na vijana wetu wakazidi kuoa watumishi waliotoka kila kona ya nchi. Ulisema mkamwana wako huyo, ambaye ni wifi yangu, ana maringo: anakusalimu, anakutengea chakula, kisha anaingia chumbani, wageni wakija hakai nao muda mrefu, na kwenye vikao vya ukoo hafungui mdomo. Nakuomba unisikilize, maana naamini kimya chake unakipa maana ambayo hakina.

Tofauti hii ya watu imechunguzwa kwa muda mrefu. Mwaka 1921 Carl Jung, daktari wa magonjwa ya akili wa Uswisi, alichapisha kitabu akieleza kwamba wapo watu ambao nguvu za nafsi zao huelekea nje, kwa watu na matukio, na wapo ambao nguvu hizo huelekea ndani, kwenye mawazo na hisia zao wenyewe. Jung mwenyewe alisisitiza kwamba hakuna mtu wa upande mmoja tu, na wataalamu wa haiba wa leo husema hivyohivyo, kwani wao huuona uchangamfu kuwa kipimo kimoja kirefu ambacho watu wengi huangukia katikati yake. Wewe uko karibu na ncha moja, wifi yuko karibu na ncha ya pili, na mnaishi ua mmoja.

Nimewahi kukaa nawe mezani pako Soko la Majengo, Shangazi. Mteja hajalifikia fungu la mlenda, tayari umeshamuuliza habari za mama yake kule Bahi, umemkaribisha aonje karanga, na umemwita jirani yako aje amwone alivyonenepa. Mtu angedhani kwamba jioni utarudi umechoka kuongea, lakini ukifika nyumbani unatoa kiti barazani na kuita kila apitaye. Hujilazimishi hata kidogo, kwa kuwa watu ndio wanaokuongezea nguvu. Sasa mtazame mwenzako. Anatoka alfajiri kwenda kazini Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, anashinda dirishani akihudumia watu, anaingia vikaoni, kisha anarudi kwa daladala iliyojaa, redio ikipiga kelele kichwani mwake. Saa ile anayojifungia chumbani ndiyo baraza yake. Ukimwita kwa nguvu aje akae na wageni katika saa hiyo, atakuja kwa heshima, lakini utakuwa umemwita mtu ambaye ameishiwa, na uso wake utaonyesha hivyo. Hapo ndipo wageni wanapoondoka wakisema ana maringo.

Hans Eysenck, mwanasaikolojia aliyezaliwa Ujerumani na kufanya kazi Uingereza, alieleza kwamba ubongo wa mtu mtulivu kama wifi huwa tayari uko macho sana, hivyo sauti, mwanga na watu wengi humfikisha upesi mahali ambapo anahitaji kupumzika, ilhali mchangamfu huhitaji msisimko zaidi ndipo ajisikie sawa. Katika jaribio moja la miaka ya 1960, watu walidondoshewa maji ya limau ulimini na mate yao yakapimwa. Kwa wastani, wale wa haiba ya ndani walitoa mate mengi zaidi. Nakutajia hili ili uone kwamba jambo lenyewe limo mwilini, halikutokana na kusoma sana wala na mshahara. Tena tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba takriban nusu ya tofauti za watu katika uchangamfu zinahusiana na urithi.

Usichanganye pia utulivu na woga. Mwenye woga anatamani kuongea lakini anaogopa watu watamwonaje; wifi anaweza kusimama mbele ya wakubwa wake na kutoa taarifa bila kutetemeka, ila hapendi kuongea pasipo haja. Labda methali zetu nazo zimetuharibia kidogo. Tunasema kimya kingi kina mshindo mkuu, basi tukimwona mtu amenyamaza tunaanza kungoja mshindo.

Kumbuka msiba wa jirani yetu. Sisi wengine tulijaa uani, tukaimba, tukapika, tukasimulia, na mfiwa alifarijika kwa uchangamfu huo. Wala sitaki mtu aone kwamba nauponda, maana bila watu kama wewe misiba na harusi zetu zingepooza. Lakini ni wifi aliyekaa mkekani karibu na yule mama bila kumuuliza lolote, akamshikia mtoto, akamwondolea kikombe kilichopoa na kumletea kingine. Na matanga yalipokwisha na ua ukabaki mtupu, ni yeye aliyeendelea kupita pale akitoka kazini. Mwenye maringo hafanyi hivyo.

Linaloniumiza zaidi ni mjukuu wako, ambaye amemfuata mama yake. Nimesikia ukimwambia mbele ya wageni, "Huyu bubu huyu," nao wakacheka. Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aliwachunguza watoto wachanga wa miezi minne kwa kuwaonyesha vitu vigeni na kuwasikilizisha sauti ngeni, akagundua kwamba wale waliorusha miguu na kulia sana ndio waliokuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kukua wakiwa waangalifu na wakimya mbele ya wageni. Mtoto anayejificha nyuma ya gauni la mama yake hajakosa adabu, Shangazi. Mpe muda awatazame wageni kwanza, naye atakuja mwenyewe kuamkia. Ukimvuta mkono, atajificha zaidi.

Harusi ya mdogo wetu inakaribia, na najua unataka wifi awe msemaji wa upande wetu ukumbini kwa kuwa amesoma. Mwondolee mzigo huo, uubebe wewe, kwani hakuna anayekuzidi. Yeye mkabidhi daftari la michango, na ukitaka kujua maoni yake kuhusu bajeti, usimuulize kikaoni mbele ya wajomba. Mfuate jikoni mkiwa wawili, muulize swali moja, kisha usiongeze la pili mpaka amalize kujibu.

Mpwa wako akupendaye,
Dodoma