Risala ya Wakulima wa Migomba wa Vilima vya Irangi, Wilaya ya Kondoa, kwa Mgeni Rasmi katika Siku ya Mkulima

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu,
Waheshimiwa maafisa kilimo na maafisa ugani,
Viongozi wetu wa dini, wazee wetu, ndugu wanakikundi na wananchi wote mliohudhuria,

Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe.

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutujalia uzima na kutukutanisha siku ya leo. Tunakushukuru pia wewe, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa kuukubali mwaliko wetu na kupanda milima hadi huku licha ya majukumu mengi uliyonayo. Furaha yetu imezidi kwa sababu umekubali kuingia shambani kabla ya kuketi jukwaani. Wageni wetu waliotangulia tuliwapokea kwenye uwanja wa shule, wakatuhutubia kwa maneno mazuri, na wakaondoka bila kuuona hata mgomba mmoja ulioanguka. Wewe umeiona kwa macho yako, na kwa hiyo risala yetu ya leo ina kazi nyepesi kidogo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, historia yetu ni fupi. Vilima vya Irangi viliwahi kuliwa na makorongo kiasi kwamba mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika eneo lililoharibika. Wazee wetu walitii kwa uchungu mkubwa. Uoto ulirudi, unyevu ukabaki mabondeni, na watu wakaanza kupanda miwa, viazi vitamu na migomba kandokando ya mito ya mchanga. Kikundi chetu kilizaliwa huko mabondeni. Tulianza tukiwa kaya chache za majirani, na leo tuna wanachama wa vitongoji vyote vya kijiji hiki, wengi wao wakiwa akina mama.

Mafanikio yetu ni makubwa na tunajivunia kuyataja mbele yako. Tuna katiba na akaunti ya benki. Tuna shamba darasa ambalo, ingawa halifiki nusu eka, limekuwa chuo cha kilimo cha kisasa kwa kata nzima. Tumenunua kwa fedha zetu pipa la chuma la kuchemshia maji na kipimajoto kwa ajili ya kusafisha machipukizi, vifaa ambavyo hakuna kikundi jirani kinachovimiliki. Aidha, tangu barabara ya lami kutoka Dodoma hadi Babati ilipokamilika, ndizi zetu zimekuwa zikipakiwa kwenye magari na kufika mjini zikiwa bado mbichi na imara. Kwa kweli, Mheshimiwa, soko la ndizi mbivu na za kupika tunalo. Tulichokosa ni migomba itakayosimama hadi mkungu ukomae.

Hapo ndipo tunapoomba utusikilize kwa makini.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mashamba yetu yameshambuliwa na minyoo wa mizizi, ambao wataalamu huwaita nematodi na baadhi ya mabwana shamba huwajumuisha kwa jina la minyoo fundo. Mnyoo huyu hafikii urefu wa milimita moja na huwezi kumwona kwa macho matupu. Huingia kwenye mzizi, hula nyama yake akisonga mbele na kutaga humo humo, na katika udongo wenye joto kizazi kipya hukamilika kwa muda wa takriban wiki tatu hadi nne. Ukiupasua mzizi kwa urefu utaona mabaka ya wekundu wa kahawia yanayoelekea kuwa meusi. Mmea hudumaa, hukawia kuzaa, mkungu unakuwa na chane chache, na hatimaye, upepo ukivuma au mvua kubwa ikilowesha udongo, mgomba mzima hung'oka na mkungu wake ukiwa haujakomaa. Wapo waliotuambia kwamba huyo ni fukusi, yule mdudu wa migomba. Fukusi tunamfahamu: yeye hutoboa mashimo kwenye tunguu, yaani shina la mgomba lililo ardhini, na mgomba ukikatika hukatikia hapo. Migomba uliyoiona leo imeng'oka pamoja na tunguu lake, na mizizi iliyobaki ni vipande vifupi vyeusi.

Tunataka ieleweke kwamba jambo hili linagusa pia hifadhi ya vilima hivi. Mgomba uliodhoofika mizizi unahitaji mti wa kuuegemeza, na shamba lenye migomba mia linahitaji miti mia. Miti hiyo inatoka vilimani, kule kule ambako wazee wetu waliondoa ng'ombe wao ili uoto urudi. Vijana wetu wanakamatwa na walinzi wa msitu wakiwa na nguzo za kuegemezea migomba, na sisi wazazi hatuna la kuwatetea, kwa maana tunajua kosa lipo na tunajua pia kwamba mkungu usipoegemezwa unaanguka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatukukaa tukisubiri msaada. Tulifundishwa kulimenya tunguu la chipukizi, kuondoa mizizi yote na sehemu zote zenye mabaka, kisha kulizamisha katika maji ya moto ya nyuzi 52 hadi 55 za Selsiasi kwa dakika 20. Tunafanya hivyo hadi leo, na chipukizi linatoka safi. Lakini chipukizi safi likipandwa kwenye udongo uliojaa minyoo linavamiwa upya, na baada ya mzao wa kwanza au wa pili tunarudi pale pale. Tuliambiwa tupumzishe shamba au tulime muhogo kwa mwaka mmoja au zaidi ili minyoo wakose chakula. Ushauri huo ni sahihi kwa mwenye shamba kubwa. Sehemu yenye unyevu bondeni ni ukanda mwembamba, na kaya nyingi zina kipande kimoja tu ambacho ndicho kinacholipa ada na matibabu. Kuhusu dawa za chembechembe kama karbofurani, tulizikataa katika mkutano mkuu kwa kauli moja. Ni sumu kali kwa binadamu, ndege na samaki, bei yake ni kubwa, na visima tunavyochimba kwenye mchanga wa mto kwa ajili ya maji ya kunywa viko hatua chache kutoka kwenye migomba.

Njia iliyobaki, na ambayo ndiyo kiini cha risala hii, ni kupanda aina za migomba zenye ukinzani dhidi ya minyoo hawa, yaani aina ambazo mnyoo akiingia kwenye mizizi yake hashamiri wala haongezeki kwa wingi. Aina hizo zipo na zinafahamika. Upo mgomba uitwao Yangambi Km5, unaochukua jina la kituo cha utafiti cha Yangambi nchini Kongo, ambao umethibitika kuwakinza minyoo wawili wanaosumbua zaidi Afrika Mashariki, Radopholus similis wa maeneo ya joto na Pratylenchus goodeyi wa maeneo ya baridi ya miinuko. Upo pia FHIA-01 uliozalishwa na taasisi ya utafiti ya FHIA ya Honduras, ambao ulirithi ukinzani wake dhidi ya Radopholus kutoka kwa mgomba wa Asia uitwao Pisang Jari Buaya. Migomba ya FHIA si migeni Tanzania, kwani ilisambazwa kwa wakulima wa Kagera tangu mwishoni mwa miaka ya 1990. Na mwaka 2021 Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, TARI, ilitoa aina nne mpya zinazoitwa TARIBAN. Makao makuu ya taasisi hiyo yako Makutupora, mkoani kwetu hapa hapa Dodoma. Inatuuma, Mheshimiwa, kwamba elimu iko jirani yetu kiasi hicho ilhali bado tunapanda ndizi zetu za asili, Mzuzu na Mkono wa tembo, katika udongo ulioambukizwa, wakati ndizi za jamii hiyo ndizo zinazoshambuliwa kwa urahisi na minyoo hawa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa heshima kubwa tunaomba uturuhusu tukumbushe yaliyopita. Hatuyataji kwa nia ya kumlaumu mtu yeyote. Tunayataja ili yasijirudie.

Mgeni rasmi mmoja aliyesimama mbele yetu alituahidi miche bora kabla ya mvua. Mvua ilikuja kwanza. Miche ilifuata baadaye, nayo ilikuwa machipukizi ya kawaida yaliyong'olewa shamba tusilolijua, yakiwa bado na mizizi na udongo wake. Tuliyapokea kwa makofi na kuyapanda kwa sababu tuliamini kilichotoka kwa wakubwa wetu. Mnyoo wa mizizi kwa nguvu zake mwenyewe hasafiri mbali. Anayemsafirisha ni binadamu, kwa chipukizi, kwa jembe na kwa udongo. Mashamba ya upande wa juu wa bonde, ambayo hayakuwa na tatizo hili, leo yanaanguka kama mengine.

Mgeni mwingine alituahidi mtaalamu wa kuchukua sampuli za mizizi. Tulichimba mizizi, tukaifunga kwenye mifuko na kuiandika majina ya wenye mashamba, ikakaa kwenye baraza ya ofisi ya kijiji hadi ikaoza. Wa tatu alituambia kwamba suala letu liko kwenye bajeti. Tunaamini alisema kweli, na tungependa kufahamu ni bajeti ya mwaka gani. Wanachama wetu wanazikumbuka ahadi hizi moja baada ya nyingine, na wapo ambao leo hawakuja hapa kwa sababu walisema wamechoka kupiga makofi. Tumewaahidi kwamba tutawapelekea jibu lako.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja: tuanzishiwe kitalu mama cha migomba yenye ukinzani dhidi ya minyoo, hapa kijijini.

Kabla ya yote tunaomba mizizi yetu ipimwe maabara, kwa sababu ukinzani wa aina moja ya mgomba huwa dhidi ya mnyoo fulani na si lazima uwe dhidi ya mwingine. Vilima vyetu viko kwenye mwinuko ambako minyoo wote wawili tuliowataja wanaweza kukutwa, na itakuwa huzuni kubwa tukipanda FHIA-01 bonde zima kisha tugundue kwamba adui yetu mkuu ni Pratylenchus. Kuchimba mizizi tutachimba wenyewe. Tunachoomba ni gari la kuipeleka siku hiyo hiyo, na majibu yaletwe kwa maandishi.

Baada ya majibu tunaomba miche ya mwanzo ya Yangambi Km5, FHIA-01 na aina za TARIBAN ambazo watafiti wataona zinafaa kujaribiwa kwenye udongo wetu. Kwa msisitizo tunaomba miche iliyokuzwa maabara kwa njia ya chupa. Tafadhali, yasiletwe machipukizi yaliyopakiwa kwenye lori kutoka mkoa mwingine. Kagera imepambana na mnyauko wa bakteria tangu mwaka 2006, na sisi hatutaki kutibiwa ugonjwa mmoja kwa kuletewa mwingine. Tunajua pia kwamba miche ya maabara ni safi lakini usafi peke yake hautoshi. Iwe safi na iwe ya aina zenye ukinzani.

Kitalu chenyewe kitazalisha miche kwa njia tuliyoelezwa na wataalamu, ambapo tunguu humenywa, kiini chake cha kuoteshea huharibiwa, kisha hufukiwa kwenye maranda ya mbao yenye unyevu ndani ya kibanda cha plastiki. Tunguu moja linaweza kutoa miche zaidi ya kumi kwa miezi michache. Kiwanja tunacho, na muhtasari wa kijiji uliokipitisha umeambatanishwa na risala hii. Mbao, maranda na nguvukazi ni vyetu. Tunapungukiwa plastiki ya kufunika, tangi la maji na afisa ugani atakayekaa nasi hadi mzao wa pili, kwa sababu madhara ya minyoo huonekana wazi zaidi katika mizao inayofuata, na mradi unaofungwa baada ya mkungu wa kwanza hautakuwa umejua lolote.

Akina mama wa kikundi wameniagiza niongeze jambo moja, nami naliongeza kwa moyo wote. Ndizi mpya zipikwe na kuonjwa hapa kabla ya kusambazwa. Yangambi Km5 ni tamu ikiiva lakini vidole vyake ni vidogo, na mnunuzi wa mjini anauliza Mzuzu. Hatuna nia ya kuzifuta ndizi zetu za asili. Tutazipanda kwenye vipande vilivyopumzishwa, kwa machipukizi yaliyopita kwenye maji ya moto, huku aina zenye ukinzani zikishika maeneo yaliyoathirika zaidi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mvua zetu huanza kati ya Novemba na Desemba, na miche inahitaji miezi kadhaa kitaluni kabla ya kwenda shambani. Ndiyo maana tunaomba, kwa unyenyekevu, kwamba katika hotuba yako utaje ofisi itakayoshughulikia ombi hili, jina la afisa atakayewajibika na mwezi ambao sampuli zitachukuliwa. Kama jambo lolote kati ya haya liko nje ya uwezo wako, tutakushukuru vilevile ukituambia leo, ili fedha za mavuno haya tuzielekeze kwenye kutafuta miche wenyewe. Katibu ameketi mkono wako wa kushoto akiwa na daftari la kikundi, naye ataandika utakachosema.

Naomba kuwasilisha.

Risala hii imeandaliwa na kamati ya kikundi na kusomwa kwa niaba ya wanachama wote.